Kitabu Chako cha Mwisho na Mikono ya Bi Mize

Mjukuu wangu Khamis, mume wangu wa uzeeni,

Huna haya. Kutoka Dar es Salaam mpaka Kengeja si safari ya kwenda mbinguni. Watu wanakwenda na kurudi na mizigo yao, lakini wewe tangu uanze kuitwa mwandishi, njia ya kwetu imeota majani. Idi inakuja, inakwenda, mie napika, nakuwekea, chakula kinaliwa na paka. Unatuma salamu. Salamu hazinitekei maji. Anayeniandikia ni mama yako mdogo, Mwache, maana shule mie nimeiona kwa nje tu, na nimemwambia asinilainishie neno.

Kitabu chako cha mwisho kimefika. Mwalimu Raya alikileta kutoka Chake, akatusomea barazani kwangu kama alivyotusomea vyote vilivyotangulia, kila baada ya alasiri, siye tukisuka ukili wa mikeka. Unajua nilivyompenda yule Inspekta Faki wako. Akikaribia kumkamata mtu, mie mkono unasimama. Basi ulipomuua, Bi Asha aliutupa ukili wake chini, akasema, "Huyu mtoto kachoka kuandika, ndio kamuua mwenziwe." Vijana wa dukani wanasema muuaji walimjua tangu kitabu cha pili. Waongo hao, mmoja wao hata kusoma hajui. Fundi Seif, yule wa cherehani, ana hasira zake peke yake: kakufuata vitabu vyote, na wewe umemaliza bila ya kumwoza Faki yule mchumba uliyemweka tangu mwanzo. "Mwambie mjukuu wako," kanambia, "kamzika Faki wake bila ya harusi."

Tulicheka sana. Tulicheka mpaka tulipofika kwa muuaji.

Khamis, muuaji wako ni mwanamke anayeosha maiti. Anatia sumu katika chai, mtu anakufa, kisha anaitwa yeye huyo huyo kuja kuosha, na alama anaziona peke yake. Inspekta akimuuliza, anajibu kuwa mwosha hasemi alichokiona. Raya alipofika hapo sauti ikaanza kumpungua. Akasoma kuwa mwanamke huyo huvua bangili yake akaifunga kwenye ncha ya kanga kabla hajaingia kwa maiti. Kuwa akitoka husugua mikono kwa ndimu, hukaa kizingitini, wala hali chakula cha nyumba ile. Pale barazani hakuna aliyeuliza ni nani. Mtoto wa Kengeja anayejua kutembea anajua ni nani. Na mwenyewe Bi Mize, mwosha wetu, alikuwa amekaa ubavuni kwangu. Alisuka mpaka sura ile ya kitabu ikaisha, akasema, "Kasoma vizuri mwalimu," akainuka akenda zake.

Hayo ya bangili uliyapata wapi? Jikoni kwangu. Ulikuwa kijana, ndevu zinakuanza, na Bi Mize akija kunywa kahawa humwachi apumue. Ulimuuliza kama maiti wa kwanza alimtisha. Akakucheka, akasema, "Maiti hana shida nami, baba. Walio hai, waliokaa nje wakinisubiri niwahadithie, hao ndio wanaonitisha." Alikwambia hofu yake, basi. Habari ya maiti hakukupa hata moja, na mie nilikuwepo, nilikuwa napalia makaa. Maneno yale yale umemtia mdomoni muuaji wako. Raya alipoyasoma nilijiona kama nimevuliwa nguo mbele za watu.

Na mama yako je, umemsahau au umejisahaulisha? Mwaka ule wa ugomvi wa vyama vya siasa, watu wa kijiji kimoja tulikuwa hatuitikiani salamu. Kila upande na duka lake, kila upande na maziko yake. Mama yako akafa katikati ya hayo. Bi Mize alikuwa wa upande wa pili, bendera yao inapepea juu ya bati lake, na mumewe alimwambia akivuka kuja kwetu asirudi. Alivuka. Alikuja mchana, watu wote wanamwona, akaingia mlango wa mbele, akanambia, "Fatma, nipe maji ya uvuguvugu, kisha unipishe, usije ukaanguka." Ukakaa na mie nje, umeshika kanga yangu. Namna maradhi yalivyomwacha mwanangu mie najua, nilimuuguza. Bi Mize aliona. Mpaka leo hakuna mtu Kengeja nzima aliyelisikia hilo kutoka kwake, wala wa upande wake, wala wa upande wetu, na wakati ule wapo waliolitaka sana walicheke.

Kimya kile ndicho ulichokigeuza ubaya, ukakiuza.

Hapa Mwache amesita. "Mama, hili tuliache, atalia." Nimemwambia andika. Akilia ana leso.

Najua utasema ni hadithi. Nasi tunajua ni hadithi, usitufanye wajinga. Hakuna hapa anayeamini kuwa Bi Mize kamtilia mtu sumu. Wanachosema ni chengine kabisa. Wanasema: haya ya mwosha kayajua vipi Khamis, mwanamme, kama Bi Mize hakumwambia? Na kama kamwambia haya, kamwambia na yepi mengine, na ya maiti wa nani? Mwosha akishadhaniwa ana mdomo, basi tena.

Alifiwa Bi Asha na mamake, juzi juzi hapa. Tulikwenda pamoja, Bi Mize na bangili yake keshaifunga kwenye kanga. Tukakaa uani na wanawake wenzetu. Tukangoja aitwe. Bi Asha akapita mbele yetu mara mbili, hatutazami. Mara tukasikia maji yanamwagwa ndani. Walikuwa wameshaleta mwosha kutoka Madungu, mjini Chake, wamempitisha mlango wa nyuma. Khamis, wanawake wote uani walikuwa wanamtazama yeye. Hakuinuka. Alikaa mpaka maiti akatolewa, akamwombea kama watu wote. Njiani, tulipokaribia kwake, akaniuliza, "Na Khamis hajambo?" Nikamjibu hajambo. Akasema, "Alhamdulillahi."

Angekutukana ningelala vizuri.

Nilimfuata Bi Asha nikamwambia, "Wewe, yule mamako wa pili aliyekulea, alipokufa alioshwa na nani, kama si Mize?" Akanambia, "Bi Fatma, usinigombeze mie, kagombeze mjukuu wako." Na hata humu ndani mwangu, huyu huyu Mwache anayeandika, kaninong'oneza kuwa siku yangu ikifika watanitafutia mwosha wa mjini. Aliandike na hilo, namtazama.

Mie sitaki mkono wa mtu nisiyemjua. Namtaka aliyemgeuza mwanangu upande huu na upande huu, akamfunika. Na nakutaka wewe, mume wangu, kwa sababu ninakupenda mpaka inaniuma, na hasira hizi zote zisikudanganye.

Kwa hiyo sikiliza. Ukija, usije kwangu kwanza. Uje baada ya alasiri, wanawake wakiwa nje na ukili wao, upite mbele yao mpaka kwa Bi Mize. Usimwambie kuwa ile ni hadithi, mie nimeshamwambia, haikumsaidia. Kaa chini kwenye mkeka wake, upaze sauti wote wasikie, na Bi Asha asikie, umwambie: "Bi Mize, sikupata kwako siri ya maiti yeyote. Na bibi yangu akifa, utamwosha wewe." Ungoje akujibu. Ndipo uje kwangu ule.

Bibi yako, mzaa mama