Macho ya Mama na Gwashi ya Wifi

Shoga, wifi kaniharibia picha niliyomchora marehemu mama!

Nimeingia sebuleni namkuta na brashi mkononi, anatabasamu. Eti, "Weupe wa macho ulisahau kupaka, nimekumalizia."

NIMEKUMALIZIA! Ananiambia mimi!

Ile ni rangi ya maji, shoga. Weupe wake ni karatasi yenyewe, unaiacha wazi tangu mwanzo. Yeye kazoea gwashi, ile rangi yake nzito, nyeupe anaibandika mwishoni juu ya chochote. Sasa mama ananitolea macho kama kafumaniwa.

Mume wangu naye: "Dada alitaka kusaidia tu." Kusaidia!

Nikaigusa kwa brashi yenye maji, maana gwashi ikilowa inatoka. Imetoka kweli, na rangi yangu ya mboni iliyokuwa chini ikatoka nayo.

Mama hana macho tena.