Jino Lililokwenda Pugu

Keko, Jumatano

Kwako Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai goti limekupa nafuu na Mama anaendelea vyema. Sisi huku wazima, ila roho yangu haijatulia. Ningepiga simu, lakini simu yenu hupokea Najma, na mdogo wangu huyo hana siri. Barua hii anakuletea Kondo, kijana wangu wa karakana.

Nina mteja, Daktari Gulbahar, mtafiti wa masalia ya wanyama wa kale. Aliniagiza kisanduku cha mninga cha kuhifadhia jino moja, dogo kama punje ya mchele, lililochimbuliwa kusini magharibi mwa nchi. Ni la mnyama wa kunyonyesha aliyeishi zaidi ya miaka milioni sabini iliyopita, na jamaa zake wamepatikana Madagaska, India, hata Amerika ya Kusini. Nikamuuliza walivukaje bahari. Akasema bahari hizo hazikuwepo; nchi zote hizo zilikuwa bara moja, na mababu wa mnyama huyo walitembea kwa miguu. Akacheka kwamba wazee wake yeye walitoka India kwa meli, kumbe kuna waliowatangulia bila nauli. Baba, niliweka randa chini nikakaa. Ardhi hii ninayoikanyaga iliwahi kushikana na India!

Aliniachia jino ndani ya kichupa ili nipime nafasi yake, akanisihi nisikifungue. Nilikifungua. Nililiweka mezani nikalitazama hadi machozi yakanilengalenga. Mara ikaadhiniwa Alasiri, na mkono wangu, kwa mazoea uliyonifunza mwenyewe, ukapangusa maranda yote ya mezani kabla sijaenda kuswali.

Baba, nisamehe. Maranda yale ndiyo yaliyomo kwenye kiroba nilichokutumia huko Pugu jana kwa ajili ya banda la kuku. Nawe unawajua kuku: kijiwe chochote wanameza. Ijumaa wageni wa posa ya Najma wanakuja, Mama atachinja, na firigisi ni yako.

Leo asubuhi nilimweleza Daktari kila kitu. Nilitegemea anifukuze. Aliniuliza tu kuku wako ni wangapi.

Tutafika kesho mapema, yeye na chekeche lake, mie na aibu yangu. Banda lisifagiliwe, na kuku asitoke hata mmoja. Msalimie sana Mama, umwambie Ijumaa apike samaki.

Mwanao akupendaye,
Twalib