Mahari ya Vyumba Vitatu

Jumamosi, jioni. Mvua imenyesha hapa Kitale tangu turudi, ile ya upole isiyo na haraka, na viatu vyangu vya kanisa viko kando ya jiko vikitoa mvuke kama viazi. Sijui kama nimefurahi ama nimenuna. Nimekunywa chai nikitafuta jibu, chai imeisha, jibu halijakuja. Basi niandike.

Wacha nianze na simu.

Jumatano alinipigia mkwe wangu, Mzee Wafula wa Bungoma. Huyu ni baba ya Wekesa, na Wekesa ndiye kijana aliyemchukua binti yangu Wambui wakaanza kukaa pamoja bila mtu kuniletea hata jogoo. Wafula hajui simu inabeba sauti yenyewe. Yeye hupiga kelele kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Mkwe! Jumamosi wewe kuja Kanduyi! Watoto wamepata mahari mzuri sana! Uone kwanza wewe. Ukikataa, tunaachana nayo!"

Mahari!

Neno hilo nimelingoja mpaka meno mengine yamechoka kungoja yakaenda. Lakini nilipoweka simu chini, furaha ilikuja nusu. Nitasema ukweli kwa sababu hapa hakuna anayenitazama usoni.

Wambui ana mtoto, Nasimiyu, yuko gredi ya nne. Tumemlea sisi hapa Kitale tangu aache kunyonya, kwa sababu wazazi wake wanaishi chumba kimoja mjini Bungoma, kile cha kuomba jiko ruhusa ukitaka kugeuka kitandani. Mtoto huyu ndiye aliyenifungulia ukurasa huu kwenye simu na ndiye hunisahihishia maandishi, akicheka. Kila Wekesa akisema anamtaka mtoto wake, mimi humjibu, "Mtoto ni wa kwetu hadi ng'ombe wafike." Watu hucheka. Mimi pia hucheka.

Lakini si mzaha.

Ng'ombe wakifika, mtoto anaenda. Kwa hivyo nilipanga vile mzee mwenye akili hupanga: niende Kanduyi, niwakague ng'ombe mmoja mmoja, na niwakatae wote. Huyu pembe imepinda. Yule anatembea kama ana deni. Huyu macho yake siyapendi.

Leo asubuhi Mama Wambui, yaani bibi yangu, alinipa kamba mpya ya katani, ndefu, imekunjwa vizuri. "Chukua," akasema. "Huenda ukapenda mmoja."

Sikuona alivyouma mdomo. Mwanaume akishavaa kofia na kushika fimbo huwa haoni mengi.

Tukaenda watatu, mimi na Mama Wambui na Nasimiyu. Kanduyi nilikuwa naijua zamani, uwanja ulikuwa uwanja na shamba lilikuwa shamba. Siku hizi ni mawe na mabati ya rangi kila upande. Tukaonyeshwa ukuta mrefu wenye waya za umeme juu na geti kubwa jeusi. Nikawaza, hawa Wabukusu wanapenda ng'ombe sana. Hata ng'ombe wa kufungiwa ndani wamejengewa ukuta wa benki.

Getini alikuwa kijana wa suruali ya kubana na viatu vya ncha. Nikajua ni broka, yaani dalali. Broka wa ng'ombe na broka wa kitu kingine chochote wamezaliwa na mama mmoja.

"Karibu mzee. Umekuja kuona?"

"Nimekuja kuona. Iko ngapi?"

"Iko tatu, mzee. Moja iko na choo yake ndani."

Nikamtazama. "Choo yake?"

"Yake peke yake. Na maji moto."

Nikaona hapa nimefika kwa matajiri. Nikasafisha koo nisionekane mshamba. "Iko na umri gani?"

"Mpya kabisa. Hakuna mtu ameigusa."

"Na nyasi?"

"Nyasi tulitoa yote, mzee. Tukaweka kabro."

"Mlitoa yote! Sasa inakula nini?"

Yule kijana akacheka kwa heshima. "Inakula stima kidogo tu, mzee. Hata hutasikia. Tokeni ya stima ukinunua inakaa."

Niligeuka kumtazama Mama Wambui. Alikuwa amefunika uso na leso na mabega yanaruka. Nikadhani amepatwa na kitu.

Hapo Wafula akatokea kwa ndani, mikono imefunguka. "Mkwe! Umeona mahari?"

"Mahari gani? Mimi naona nyumba."

"Si ndiyo mahari!"

"Ng'ombe iko wapi?"

"Ng'ombe ya nini, bana?"

Tukasimama pale wazee wawili, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma. Nasimiyu ndiye aliyetuamua. "Guka," akaniambia, kwa sababu ndivyo sisi watu wa Mlima Kenya huita babu, "Kuka amesema maha-LI. Mahali pa kukaa. Na l." Huyo Wafula, Nasimiyu humwita Kuka, kwa Kibukusu. Akiita haraka sote wawili tunageuka. Akamwambia, "Kuka, hebu sema mahali."

"Mahari," akasema Wafula, waziwazi kabisa.

"Guka, sema wewe."

"Mahari," nikasema.

Nasimiyu akakaa chini kwenye yale matofali ya kabro akashika tumbo.

Mama Wambui alikuwa anajua tangu Jumatano. Wambui alikuwa amemweleza kila kitu. Aliniacha nitoke Kitale na fimbo na kamba nije kukagua ng'ombe kwenye sebule. Nimeishi na huyu mama miaka mingi na bado sijamaliza kumjua.

Basi Wambui na Wekesa wakatoka ndani, nikaelezwa. Wambui na Wekesa wanataka kununua hii nyumba ya vyumba vitatu. Wekesa anafanya kazi chuoni Kibabii, si mbali. Lakini Wambui aliapa hataweka sahihi kabla baba yake hajaona, kwa sababu mara ya kwanza alihama bila kuniuliza, na hataki kuhama tena hivyo. Maneno hayo yalinigusa, nikajifanya natazama dari. Jibu lilitakiwa leo leo. Broka alisema kuna tajiri wa Chwele anaitaka, mfanyabiashara wa ng'ombe.

Mnaona? Hata ng'ombe wa kweli walikuwa wa mwenzangu.

Sasa hii nyumba ikinunuliwa, Nasimiyu anahamia hapa shule zikifunga. Kumbe mahari na mahali ni mlango mmoja, yote mawili yanamtoa mtoto kwangu. Nikaona mpango wangu bado ni mzuri. Kilichobadilika ni mnyama.

Nikaanza kuikagua. Nikagonga ukuta kwa fimbo. Nikafungua mifereji yote, nikavuta maji ya choo, nikangoja yajae, nikavuta tena. Nikaingia stoo nikajifungia nione giza lake. Nikauliza kuku watalala wapi. Broka akasema sheria za hapa haziruhusu kuku.

"Aha!" nikasema. Nyinyi hamjui shule za siku hizi. Mwalimu anaamka asubuhi anaagiza manyoya ya kuku, na gundi, na maganda ya mayai, kesho yake aone jogoo wa kubandikwa kwenye karatasi. Pale kwangu Nasimiyu hutoka nje akamnyonyoa jogoo mwenyewe. "Mwalimu akiitisha manyoya, mtatoa wapi? Kwa mto wa kitanda?"

"Baba," Wambui akasema, "kuja uone nyuma."

Tukaenda nyuma. Ng'ambo ya ukuta ni uwanja wa shule, na madarasa yenyewe, yamepakwa rangi juzi. Shule yenyewe. Hapo hapo. Mtoto anaweza kusikia kengele akiwa bado anapaka mafuta.

Huku kwetu Nasimiyu hutembea kando ya barabara ya malori ya mahindi. Msimu wa mvua huja nyumbani viatu mkononi, matope mpaka magotini, ameshikilia begi kichwani vitabu visilowe. Mimi humngoja pale njia panda nikijifanya natafuta hewa.

Nikasema nataka kuzunguka mtaa peke yangu. Nyumba si kuta, nyumba ni jirani. Hilo niliwaambia kwa sauti ya mzee wa kanisa, lakini ukweli nilikuwa naenda kutafuta kasoro.

Na nikaipata upesi! Mtaa wote ni mageti meusi, yamefungwa, kama watu wote wamefiwa siku moja. Nikabisha la kwanza nisalimie. Kimya. La pili, mbwa peke yake ndiye aliyejibu. La tatu, kitundu kidogo kikafunguka, jicho la mama likanitazama, likatazama kofia, fimbo, na ile kamba mkononi.

"Leo hatununui kamba, mzee," jicho likasema, na kitundu kikafungwa.

Nilirudi nikiwa na furaha kama mtu aliyeshinda kesi. Nimepata. Mahali watu hawasalimiani, mtoto hakai. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno. Nilikuwa niseme, "Wambui, mama, nyumba ni nzuri lakini imezikwa."

Nasimiyu alikuwa mbele ya nyumba amechoka kungoja wakubwa. "Guka, nipe hiyo kamba."

Nikampa. Akaikunjua, akampa Wafula ncha moja na mimi ncha ingine, akatusimamisha mbali mbali katikati ya barabara ya kabro. "Zungusheni."

Sasa niambieni. Wakwe wawili, wazee, mmoja hajalipa na mmoja hajalipwa, tumeshika kamba ya ng'ombe ambao hawako, tunamrushia mtoto aruke. Kamba ya katani ikigonga kabro inalia kama makofi. Pa! Pa! Pa! Wafula anazungusha haraka kuliko mimi, anataka kunionyesha nguvu. "Mkwe, umezeeka!" akapiga kelele. Nikamwambia azungushe mahari yake polepole.

Geti moja likafanya kwii. Msichana mwenye nywele nusu zimesukwa akachungulia. Halafu mvulana na mdogo wake kutoka ile nyumba ya mbwa. Halafu wengine, sijui walikuwa wamewekwa wapi. Hakuna aliyeuliza ruhusa. Walijipanga mstari na kuingia kwenye kamba mmoja mmoja.

"Wewe ni wa nyumba gani?" yule wa nywele nusu akamuuliza Nasimiyu.

"Mimi ni Nasimiyu. Hiyo ingine ni namba ya nyumba."

Mnasikia huyo? Huyo nimemlea mimi.

Kisha mama akatoka, kitana mkononi, akitafuta kichwa alichokuwa anasuka. Nilimjua kwa jicho. Yeye pia akanijua, akashika mdomo. "Woi, mzee! Kumbe hukuwa unauza!"

"Bei yako ilikuwa mbaya," nikamwambia.

Akacheka mpaka jirani wa pili akafungua geti kuona ni nini. Wale mama wawili wakaanza kuongea, na nikasikia mmoja anamwambia mwenzake, "Na huwa unakaa hapa?"

Nasimiyu alikuwa hewani. Nilimwona usoni. Huku Kitale anaruka peke yake, kamba imefungwa kwa mti wa parachichi upande mmoja na mimi upande wa pili, na mimi huchoka. Hilo sikuwahi kulifikiria kama kasoro ya kwangu.

Wambui alikuja akasimama kando yangu. Broka naye akaangalia saa, mtu wa Chwele anapiga simu.

"Baba, unasemaje?"

Niliacha kuzungusha. Kwetu husemwa mahari haiishi, na mimi leo ndiyo nimejua kwa nini wazee walitaka isiishe. Kitu kikiisha, njia yake inaota nyasi. Nikasimama wima, nikavaa kofia sawasawa, nikasema kwa sauti:

"Mahali nimekubali. Mahari bado. Na kabla ya mahari kuisha, likizo zote mtoto ni wa Kitale."

Hivyo ndivyo ninavyoandika hapa, Nasimiyu amekagua herufi. Lakini mdomo ni mdomo. Kilichotoka ni, "Mahari nimekubari. Mahari bado." Broka akakunja uso akauliza sasa ni ndiyo ama hapana. Wekesa akamtazama Wambui. Wambui akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, kwa hivyo najua alielewa.

Wafula alielewa zaidi ya wote. Alitikisa kichwa polepole na kusema, "Mkwe, hapo umesema vizuri," na mpaka sasa sijui alisikia gani na gani.

Tuliondoka bila kamba. Watoto walikuwa bado wanairuka, Wekesa ameshika ncha yangu. Nilitaka kuidai, Mama Wambui akanikanyaga mguu.

Sasa mvua inaendelea. Nasimiyu yuko jikoni na nyanya yake, anamweleza habari za yule wa nywele nusu kwa mara ya tatu, kila mara nywele zinapungua. Nimemsikia akiuliza kama manyoya ya kuku yanaweza kutumwa kwa gari. Jogoo wangu yuko nje chini ya mkokoteni amelowa, hajui ameshapata kazi.

Wafula amepiga simu kuuliza kama tulifika. Kelele kama kawaida. "Mkwe! Sasa mtarudi lini kuona mahari?"

Nikamwambia tutarudi. Sikumuuliza ni gani.

Kesho baada ya kanisa nitatafuta kamba ingine. Ya nini, hata mimi bado najiuliza.