Panya Hawana Jirani

Alhamisi, 3 Julai 1997

Chelangat, huna haya. Nimechuma majani chai miaka ishirini ndio usome, na wewe umeenda Ulaya kuchunga panya! Nilimwambia hivyo mbele ya mama yake. Akacheka tu, mjukuu huyu. Akanipa picha. Panya mweupe, vidole vimevimba kama vyangu. Kama vyangu kabisa. Nimeiweka ndani ya Biblia.

Jumamosi, 5 Julai

Ukungu umelala juu ya majani tangu asubuhi. Mikono imekataa kuchuma, nimekaa mlangoni. Chelangat amenieleza tena, polepole, kama mimi ni mtoto. Eti wanatia kitu kidogo cha binadamu ndani ya panya kabla hajazaliwa. Akikua, vidole vinavimba vyenyewe. Askari wa mwili, wale wa kufukuza magonjwa, wanageuka wanampiga mwenye boma. Ndio ugonjwa wako, amesema. Nikauliza, nani aliwaangalia hao panya vibaya?

“Hakuna, kogo, nyanya yangu. Wako kwa sanduku safi. Hata jirani hawana.”

Chai yangu ikapoa.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya kanisa nilisinzia kwa kiti. Nikaota — panya weupe wamejaa shamba, vikapu mgongoni, wanachuma bila sauti, wanapotelea kwa ukungu mmoja mmoja. Na Jerusa katikati yao, amenipa mgongo. Jerusa wa ng'ambo ya mto. Miaka mitatu sijamsalimu. Siku moja tukichuma alisema, hiyo mikono yako ni mashine. Mwezi haukuisha, ikavimba. Mimi ndiye niliwaambia akina mama wa kanisa ana jicho baya. Sasa anakaa benchi ya nyuma peke yake. Leo pia.

Panya hawana jirani!

Jumanne, 8 Julai

Mimi siombi mtu msamaha. Sijazoea. Lakini nimemtuma Chelangat akamwite Jerusa. Amerudi peke yake. Jerusa ameuliza, kwani huyo mama mzee amekufa?

Saa kumi. Amekuja! Amesimama nje ya geti na kikapu chake, hataki kuingia. Atasikia kutoka hapo hapo, amesema. Namwona kwa dirisha. Ukungu umemfunika mpaka magoti, ni kama anaelea.

Kalamu inaniuma. Chelangat, toa picha kwa Biblia, lete fimbo yangu. Halafu kimbia uwaite wale akina mama. Niliyasema mbele yao, nitayameza mbele yao. Na Jerusa asiondoke — mpelekeeni kiti.