Vidonge Tisa kwa Tende Moja

Alhamisi, Mfungo Mosi, 1961

Mvua imeshika tangu alfajiri na haina dalili ya kuacha. Watoto leo hawana chuo changu cha Kurani, nyumba iko kimya. Nasema kimya kwa sababu nimekisikia, na ni wiki kadhaa sasa sikuwa nakisikia.

Shajara yangu, nilikuficha jambo. Nilimficha kila mtu, lakini wewe hukustahiki, maana wewe huna mdomo wa kunitangaza.

Baridi yabisi imenikaa vidoleni tangu mwaka juzi. Mwezi wa Shaabani nilifika pahala pa kutoweza kufunua msahafu kwa vidole, nikawa naufunua kwa kiganja. Kukuna nazi nilishasahau. Hata kanga nilikuwa nafungwa na Bi Mize, jirani yangu, kama natayarishwa kwenda harusini.

Huyu Bi Mize nimsomeshaye ni mtu mzima mwenye wajukuu wanne. Utotoni hakupelekwa chuoni, alipelekwa kondeni. Mama yake alipofariki, aliapa kwamba atajifunza mpaka ahitimu, amsomee khitma, Kurani nzima, kwa mdomo wake mwenyewe. Huja watoto wakishakwenda skuli, kwa kuwa anaona haya kusoma nao. Amefika juzuu ya ishirini na nane. Nampenda kwa hilo, na sijapata kumwambia.

Basi Ramadhani ilipoandama nilikwenda dispensari, na dresa, yule mtoa dawa, akanipa aspirini. Vitatu asubuhi, vitatu mchana, vitatu usiku, kila mara baada ya kula. Mtu mwingine angeuliza: je, na saumu? Mimi sikuuliza. Nilirudi nyumbani nikajitolea fatwa mwenyewe. Vitatu mara tatu ni tisa, na aliyefunga hali mchana, kwa hiyo vyote tisa nitavimeza jua likizama. Adhana ikilia, tende moja, bakuli la maji, vidonge tisa. Nikajiona mwerevu.

Ramadhani ikaisha, Idi ikapita, nikaingia kufunga zile sita za sunna za Mfungo Mosi. Vidonge vikaendelea vile vile.

Na mimi ndiye ninayewafundisha watoto kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula.

Nisiseme uongo, vidole vilifunguka. Siku ya Idi nilijifunga kanga mwenyewe nikalia machozi ya furaha. Lakini tumbo lilianza kuwaka, nikila kipande cha muhogo naona moto unapanda kifuani. Kisha yakaja masikio. Yalianza kulia kama nyenje mmoja, baadaye nyenje wa shamba zima. Watu wakizungumza naona midomo tu.

Sikumwambia mtu. Niliogopa dresa atanipokonya vidonge, nami nirudi kufungwa kanga. Niliogopa pia wazee wa watoto. Nani ampeleke mwanawe kwa mwalimu asiyesikia? Kazi yangu ni ya masikio, shajara, na mimi niliyatoa masikio nikachukua vidole.

Kwa hiyo Bi Mize alisoma, mimi nikatikisa kichwa. "Naam. Endelea." Alisoma, nikatikisa.

Msahafu wake ni mkongwe, na mvua hizi kurasa hugandana. Jumatatu ya juma lililopita alifunua mbili kwa pamoja bila kujua, akaruka kutoka katikati ya sura moja mpaka katikati ya nyingine. Mimi nikasema naam. Aligundua mwenyewe usiku, alipokuwa akirudia somo kwao.

Jumanne hakukaa hata kitako. Alisimama mbele yangu, akaniinamia sikioni, nikamsikia kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, maana alipiga ukelele.

"Maalim! Mie naruka kurasa mbili nzima, weye watikisa kichwa! Wanidanganya, au hunsikii?"

Nililia. Nilimweleza yote, tangu tende mpaka nyenje. Nilidhani atanitukana, na haki yake. Alikwenda nje akachukua mwavuli wake, akanishika mkono, akanipeleka dispensari kwenye matope kama mtoto aliyetoroka chuo.

Dresa alinisikiliza akashika kichwa. Masikio yakilia, alisema, ni dawa imezidi. Amenipunguzia, viwili viwili, kila mara na chakula tumboni, na kufunga basi kwa sasa. Maumivu yatarudi kiasi, hakunificha. Masikio anataraji yatatulia.

Tangu siku hiyo Bi Mize huja na bakuli la uji kabla ya msahafu. Haninyanyukii mpaka nione sehemu ya chini ya bakuli. Jana niliacha vijiko viwili, akanitazama vile ninavyowatazama watoto waliolala darasani. Nikamaliza.

Leo vidole vimevimba tena, si kama zamani, lakini kalamu hii naishika kwa shida. Ila nyenje wamepungua. Asubuhi nilisikia mvua juu ya makuti nikakaa kitandani nikiisikiliza tu.

Halafu ilibaki ile kauli niliyokuwa naikimbia. Alipofika nilimwambia kabla ya uji, nisije nikapata kisingizio cha kumeza. Nilimwambia kwamba sijui masikio yalianza kuharibika siku gani hasa. Huenda aliruka mahali pengine, huenda alikosea mengi, na mimi nikapitisha. Haiwezi kuitwa khitma. Inabidi arudi nyuma, kiasi cha juzuu tatu.

Alitaka kuhitimu kabla ya Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, hilo nalijua, ameshawaambia wanawe. Alikuwa akikoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa, nami niliona aibu hata kumtazama.

"Basi twarudi," alisema. "Mamangu huko aliko hana haraka. Kunywa uji, shoga, wapoa."

Nikanywa. Machozi yaliingia kwenye uji na sikujali.

Akafungua nyuma, juzuu ya ishirini na tano, akaanza kusoma kwa ile sauti yake nzito isiyopanda wala kushuka. Vidole nilivyovilaza mapajani viliniuma. Katikati ya ukurasa wa pili aliruka aya, aya fupi tu, mtu asiyeangalia haioni.

Nikaisikia.

"Rudi," nikasema. "Umeacha aya."

Alinyanyua uso, mwanamke wa wajukuu wanne, akacheka mpaka miwani ikamwanguka. Sijapata kuona mwanafunzi aliyefurahi namna ile kwa kukosolewa, wala mwalimu kwa kukosoa. Akarudi, akaisoma aya yake yote.

Kesho Ijumaa, chuo kimefungwa, lakini amesema atakuja hivyo hivyo na uji. Mungu anisamehe, nimeswali magharibi nikimwombea akosee tena kidogo.