Siku Ndege Ilikuja Kimya

Butembo, Alhamisi, jioni. Asubuhi kulikuwa ukungu, kisha jua, kisha mvua kidogo ya kuosha mabati. Roho yangu iko muzuri.

Mutu akiuliza ni nani analetaka ndege Butembo, jibu ni miye Kambale. Marubani banashika tu usukani. Gouverneur anaweza kukosa ku kazi, waziri anaweza kukosa, mais miye nikikosa siku moja ku piste, pale ndege zinashukia, hakuna ndege itagusa udongo ya huu muji.

Ku karatasi banaandika «gardien», mulinzi tu. Karatasi ni karatasi. Miye ni chef ya piste, na filimbi yangu ku shingo, tangu batoto yangu bangali bananyonya.

Piste yetu ni barabara ya udongo, na njia ya miguu inaikata katikati. Bamama banatoka mashamba na mizigo ku kichwa, banavuka, banaenda kuuzisha upande wa Bulengera. Mbuzi nazo zinavuka. Ukuta hakuna. Ukuta yetu ni sauti. Ndege ikianza kulia nyuma ya kilima, batu banakimbia, mbuzi zinakimbia, miye napiga filimbi, ndege inashuka. Hakuna mutu amekwisha kukanyagwa.

Na ku mambo ya sauti, nani atanifundisha? Ndege ikingali juu ya Lubero, nilikuwaka nawaambia batu ni ya aina gani, na kama rubani amekunywa chai ama hapana. Siku moja nilimuambia rubani mumoja, «Weye ulilala vibaya,» akashangaa mpaka akanipa kofia yake. Ile kofia iliibiwa, bila hivyo ningeiweka hapa ku picha.

Lakini ndege ya hii wiki ni ingine kabisa. Haina mafuta ya essence, haina moshi. Inakula umeme ya batri, na batri inakula jua ku ma-panneau yenye balitandika juu ya hangar. Zile batri ni nzito sawa dhambi, donc inabeba rubani, mutu mumoja na kisanduku, basi. Haifiki mbali. Mais kutoka Beni mpaka hapa inatosha. Barabara ya Beni ni fupi, kila mutu anajua. Na kila mutu anajua pia kwa nini tunaiogopa: bunduki. Sitaandika zaidi.

Benye ndege balikuja kuijaribu na kuionyesha kwetu sababu ya Kavira, mutoto wa dada yangu Masika; miye ni noko yake, mujomba. Alisoma umeme, yeye ndiye anachunga batri. Alisumbua bakubwa wake mpaka bakachoka, bakasema sawa, tutajaribu kwenu. Mais balitia sharti: safari tatu, na mara zote tatu rubani ashuke bila kukuta kitu ku piste. Moja ikiharibika, banakunja ma-panneau, banaenda kujaribu muji ingine.

Mbili zilipita, juzi na jana. Kavira alisimama karibu yangu na radio yake, akaniambia dakika kwa dakika. Ya leo ilikuwa ya tatu, na Kavira alipaswa kukaa ku hangar pamoja na chef wao.

Na ndani ya ile ya tatu, mupassager wa kwanza: Masika mwenyewe, kutoka Beni.

Niandike hii pole pole. Ile wiki tulizika mama yetu, barabara ilikuwa imefungwa. Masika ni yaya yetu, mukubwa wa sisi wote, na alisikia maziko ya mama yake ku simu. Miye ndiye nilishika ile simu juu ya kaburi. Tangu ile siku miaka mbili imepita, na hakuwa amekanyaga hapa.

Jana mchana Kavira alinikuta ninapiga pasi koti yangu nyeupe, ile ya ndoa.

«Noko,» akasema, «nakuomba kitu kimoja. Ile ndege hailii. Ikishuka inakuja sawa ventilateur, upepo tu. Usiingojee na masikio. Ikitoka Beni nitakupigia. Angalia saa. Dakika kumi na tano zikipita, mutu asibaki ku piste.»

«Mutoto, unafundisha samaki kuogelea?»

«Noko, mama yangu atakuwa ndani.»

«Ndiyo maana ninapiga pasi koti.»

Aliniangalia, hakucheka.

Leo akapiga. «Imetoka.» Nikafanya kazi yangu, na niliifanya muzuri, haki ya Mungu. Nikafukuza mbuzi zote. Nikapanga bamama pande zote mbili, bakakaa juu ya mizigo yao. Mama Kanyere, yule muuzaji wa viazi tunagombanaka naye kila asubuhi sababu ya njia, hata yeye alikaa. Piste ikabaki tupu, safi sawa meza ya pasteur.

Kisha nikaenda kusimama katikati.

Ni mupango yangu nilikuwa nao. Nilitaka Masika akichungulia chini, mutu wa kwanza kumuona Butembo akuwe mudogo wake, na koti nyeupe, anapiga saluti. Nikisikia tu sauti, nitapiga filimbi na kutoka na hatua ya kisoldat. Simu ilikuwa ku mufuko. Sikuitazama.

Nikangoja. Kimya. Nikasema, bado iko mbali.

Mama Kanyere akaanza kulalamika kule pembeni, anatupa mikono. Bamama bengine nabo bakasimama.

«We Kambale! Toka! Toka!»

Nikajua ni vile ananichokozaka. «Nyamaza, mama,» nikamuambia, «ninaisikiliza!»

Kiazi kikanipiga ku mugongo. Kiazi kikubwa, ya Lubero, zile zinaitwa moja tosha. Nikageuka ili nimutukane, na hapo juu ya miti ya eucalyptus nikaona magurudumu.

Sikuona ndege. Niliona magurudumu tu.

Sijui niliruka namna gani. Nilijikuta ndani ya mutaro wa maji, koti ya ndoa imekuwa koti ya mufyatua matofali, na upepo umepita juu yangu, fyuuu, sawa mutu anapuliza chai ya moto. Nikainua kichwa. Ndege ilikuwa inakimbia ku udongo, pole, muzuri, sawa vile inatakiwa. Ikasimama.

Masika akatelemuka. Amekonda. Kule Beni balimupima uzito pamoja na mufuko wake, akatoa kitu kimoja kimoja mpaka akabaki na Biblia na kitambaa. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

«Kambale, ni weye nimeona unaruka sawa chura?»

«Nilikuwa nakusalimia, yaya.»

Akacheka. Kisha akanishika, na matope yote, na hakuniachilia. Sikuandika hapa kwamba tulilia. Mutu asome tu kwamba alinishika.

Mais roho yangu ilikuwa bado haijashuka, sababu chef wao alikuwa anatembea kuja kwetu, pole pole, na Kavira nyuma yake, uso umekauka. Rubani, mwanamuke mumoja wa Goma hanaka maneno mingi, alimuambia wazi: nimeona mutu ku piste, mukono yangu ilikuwa tayari kuinua ndege, kisha mutu akatoka, nikashuka.

«Ule mutu ni nani?» chef akauliza.

Mama Kanyere akasimama mbele yangu. «Alikuwa anafukuza mbuzi yangu ya mwisho.»

Hana mbuzi. Hajawahi kuwa na mbuzi.

Nikaona macho ya Kavira. Nikasema hapana, chef, mbuzi haikuwa. Ni miye. Nilikuwa ninaingojea na masikio.

Chef akaangalia mutaro, akaangalia koti yangu. Kisha akafungua kitabu yake, akaandika. Akasema ndege imeshuka bila kukuta kitu, donc safari ya tatu inahesabiwa. Na akasema kujaribu ni kutafuta kitu chenye hatukujua, na leo tumekipata: ndege haisikiki, na hapa batu banaishi na masikio. Batatuwekea king'ora na bendera nyekundu kabla ya safari zingine. Na gardien atalazimika kuwa na saa ku mukono.

Kwa hiyo ile king'ora, batu ya Butembo, mujue imetoka wapi.

Saa kenda tulikuwa ku kaburi ya mama. Masika alipiga magoti ku majani yenye maji, akakaa pale mpaka mvua ikakatika. Aksanti Mungu. Aksanti Kavira, mutoto mwenye akili kuliko noko yake. Aksanti rubani na mukono wake. Na Mama Kanyere, wasingya, aksanti sana. Kile kiazi nimekipeleka nyumbani, tumekipika, Masika amekula nusu.

Mambo moja imebaki, sikuambia chef, sikuambia hata Masika. Sikio yangu ya kushoto ilikufa zamani, na ya kuume inanidanganya. Miaka hii yote siku hazikuwa nyingi nilisikia ndege kwanza. Nilikuwa naangalia miguu ya Mama Kanyere. Yeye akikimbia, miye napiga filimbi.