Pombe Niliyoifunga Mdomo

Simbo,
Kigoma.
18 Juni 2024

Mpendwa dada Merina,

Shikamoo. Habari za Songea? Shemeji Martini kile kifua kimetulia, na Melania anaendelea na shule? Sisi huku tuko salama kwa namna yetu. Mke wangu Shukrani na watoto wanakula na kushiba, na mihogo mwaka huu imekubali. Mwandiko usiucheke, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bandeji, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Kwenye simu ungenikatisha kwa kelele kabla sijafika katikati, ndiyo maana nimechukua karatasi.

Unajua tulivyokuwa na kaka Anatoli. Tangu masika ya mwaka jana, aliponing'olea migomba ya mpakani, nami nikamkata panga la bega, naye akaning'oa meno mawili kwa mpini wa jembe, hatukuwa tumesalimiana. Njia moja, kisima kimoja, na kila mtu na panga lake. Nikisikia tu kikohozi chake, damu inanipanda.

Wakati wa Pasaka ukaniambia, "Mpikie pombe. Chungu kimoja, mrija mmoja, mnywe yaishe." Nikakuitikia, ila moyoni nikasema dada naye ni mtu wa zamani.

Sikuwahi kupika pombe maishani. Baba alipokuwa akipika, sisi tulingoja kulamba togwa tu. Nilivumbika ndizi shimoni siku tano, nikazikamua kwa nyasi mpaka mikono ikachubuka, nikatia unga wa mtama wa kukaanga. Siku ya pili ilikuwa inatoa povu na kunguruma, nikaona tayari. Nikatafuta chupa ishirini za bia kule Buzebazeba, nikazijaza pomoni, nikaziba kwa magunzi ya mahindi na kuyakaza kwa uzi wa nyavu nilioununua Kibirizi. Nilitaka Anatoli aone mdogo wake analeta kitu cha heshima, kama cha baa. Shukrani alinionya kwamba pombe inayochemka haifungwi mdomo. Nikamwambia yeye ndiye afunge wake.

Jumapili asubuhi, tukinywa uji, chupa ya kwanza ikalipuka uvunguni mwa kitanda nilikozipanga. Ikafuata ya pili, kisha zikawa hazihesabiki. Vigae vilichana godoro, vikavunja taa, kimoja kikajikita ukutani pale alipokuwa ameegemea mtoto. Shukrani akawalalia watoto wote. Jirani yetu Amuri, yule aliyekimbia vita Kongo, alijitupa kifudifudi kwenye mihogo akilia, "Mulale chini! Banapiga masasi!" Alipojua ni pombe, si risasi, alinitukana kwa lugha tatu, na haki yake.

Zilibaki chupa tatu. Mwenye akili angezimwaga. Mimi nikazibeba mchana uleule kwenda kwa Anatoli, Amuri akiwa shahidi.

Tulimkuta shambani. Akazitazama muda mrefu.

"Onja," akasema.

Nikafungua moja, nikanywa.

"Hiyo ni yako. Hizi umetia nini, hata ukazifunga kamba?"

Dada, ndizi nimezikamua kwa mikono yangu, halafu naitwa mchawi! Nikamsukuma kifuani kwa chupa ya pili. Akainua mpini wa jembe kunipiga kichwa, akaipata chupa mkononi mwangu. Ikalipuka. Nilisikia moto kiganjani, nikamrukia. Tuligaragara kwenye migomba, akaning'ata sikio, nikampiga ngumi za uso, nne au tano, na kila nikipiga damu inazidi. Ndipo Amuri akapiga kelele kwamba damu ile haitoki puani. Kigae kilikuwa kimemwingia shingoni.

Hasira yote iliniishia, nikaogopa kama sijawahi kuogopa. Nikalibana lile jeraha kwa kiganja changu kilichochanika, tukapakizwa kwenye bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimembana shingo. Alinitukana njia nzima mpaka Kigoma. Nami nilimsihi asiache kutukana, maana kila aliponyamaza uzito wake ulinilemea. Hospitalini muuguzi aliniambia niachie. Vidole vikakataa, wakavibandua kimoja kimoja. Kaka alishonwa nyuzi kumi na nne, mimi tisa, na kidole changu cha shahada hakikunjiki tena. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimepunguziwa.

Juzi alikuja mwenyewe, shingo ina mshono mbichi. Hakunisalimu. Nyumbani kulikuwa na chungu kimoja ambacho sikukipatia chupa, kimefunikwa kwa jani la mgomba tu. Alikivuta, akakata mrija mmoja, akanyonya kwanza, akakunja uso kwa ukali wake. Kisha akanipa mrija bila kuufuta.

Nikanyonya. Ndipo akasema, "Mpaka uko palepale."

Wewe unanijua. Jibu lilikuwa tayari, lakini mrija ulikuwa mdomoni. Nilipoutoa ili niseme, alikuwa ameshauchukua, anakunywa, na ule mshono unapanda na kushuka shingoni kwa kila funda. Nikautazama. Nikangoja zamu yangu ya mrija.

Nisalimie shemeji na Melania. Amuri naye anakusalimu, ingawa bado amenuna. Mungu awatunze, na chochote kilichofungwa mdomo kwa nguvu akiweke mbali nanyi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa mkono uliobaki,

Pastory